Sura ya Tano: Taa Kali, Barabara Giza

Madereva wa upande wa Arua na Koboko huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Nifunge balbu gani ili nione vizuri usiku?" Anayeuliza huwa ameshaamua nusu ya jibu. Ameona gari la mwenzake lina taa nyeupe kali, na sasa anatafuta jina la balbu na bei yake. Jibu langu huwakera wengi: balbu iache kwanza. Katika magari mengi yanayopita Abuku usiku, balbu ni tatizo la nne. La kwanza ni kioo cha taa, la pili ni mahali mwanga unapoangukia, la tatu ni waya. Mtu akishughulikia hayo matatu, mara nyingi hugundua kwamba balbu yake ya zamani haikuwa na neno.

Tutayachukua kwa mpangilio huo huo. Kabla ya hapo, tuangalie barabara yenyewe.

Lami ilikuja, taa zikabaki zile zile

Abuku ni gombolola katika wilaya ya Koboko, kona ile ya Uganda inayopakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine. Njia kuu ya eneo hili ni barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92 hivi, inayoanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Walioipita kabla haijawekwa lami wanaikumbuka: maramu, yaani udongo mwekundu ulioshindiliwa, mashimo, vumbi la kiangazi na utelezi wa masika. Usiku hakuna aliyekimbia. Mashimo yalifanya kazi ya trafiki, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa hata taa dhaifu ilitosha.

Lami ilipokamilika, kasi ikapanda. Magari ni yale yale, na wanaoitumia barabara ni wale wale: wanaorudi sokoni kwa miguu na mizigo kichwani, baiskeli zisizo na taa, boda boda yenye taa moja iliyolegea inayoangaza juu ya miti, mbuzi waliojilaza kwenye lami kwa sababu bado ina joto la mchana. Lori likiharibika, nyuma yake huwekwa matawi ya miti badala ya pembetatu ya kuakisi. Dereva wa Uganda anajua maana ya matawi hayo. Kazi ni kuyaona mapema, na sehemu hii ya dunia giza halikawii: jua likishazama, mwanga wake unakwisha haraka.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo kila dereva anapaswa kuijua kwa moyo. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva mzima asiyechoka huchukua sekunde moja na nusu hivi tangu jicho lione hadi mguu ubane breki. Gari limeshakwenda mita 33 bila kupungua mwendo. Kisha breki zenyewe zinahitaji mita nyingine 35 kwenye lami kavu. Ukijumlisha, umbali wa kusimama ni kama hivi:

- kwa kilomita 60 kwa saa: mita 45
- kwa kilomita 80 kwa saa: karibu mita 70
- kwa kilomita 100 kwa saa: karibu mita 100

Sasa linganisha na taa. Gari lina mianga miwili ya mbele: fulu, ule mrefu wa juu, na dimu, ule wa chini wa kupishana na wengine. Dimu nzuri, ya gari lililotunzwa, mara nyingi haimwonyeshi mtu aliyevaa nguo za giza zaidi ya mita 50 au 60 mbele. Kwa hiyo anayekwenda 80 kwa dimu anakimbia kupita anavyoona, hata kama taa zake ni mpya. Mwenye taa mbovu anafanya hivyo hata kwa 50. Sisemi haya ili kumtisha mtu. Nataka tuelewane kwamba tunachotafuta ni mita. Weupe wa mwanga na mapambo ya gari ni habari nyingine.

Kioo kilichopauka

Magari mengi ya huku ni ya Kijapani yaliyotumika: Premio, Noah, Ipsum, Probox, na Hiace za abiria. Tangu 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yapo barabarani, na hata linaloingia leo linaweza kuwa na miaka 12 au 13 ya jua mgongoni.

Kile tunachokiita kioo cha taa katika magari haya ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuzuia mionzi mikali ya jua. Ngozi hiyo ikichakaa, plastiki inageuka manjano, kisha inakuwa na ukungu. Mwanga unaotoka ndani hutawanyika ovyo: mwingine unarudi nyuma, mwingine unapanda juu kwenye macho ya watu, na kidogo tu ndicho kinachofika barabarani. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizopauka namna hii mwaka 2018 kikakuta zinatoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Yaani sehemu nne kati ya tano zimepotea. Mwenye taa za namna hii hata ukimpa balbu ya ndege, atabaki gizani.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Mchana, simama hatua mbili mbele ya gari na uitazame taa. Kama huoni umbo la balbu ndani waziwazi, anzia hapo.

Dawa ni msasa wa maji. Osha taa kwa sabuni, zungushia utepe wa karatasi ili rangi ya gari isikwaruzwe, kisha anza na msasa wa namba 800 au 1000 kama umanjano umekomaa. Sugua ukimwagia maji muda wote, kwa mwelekeo mmoja. Maji yatatoka ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na chai, hiyo ndiyo ngozi iliyokufa. Ukifika hapa taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoianza, nyeupe kama imemwagiwa unga, na mwenye gari asiyejua huanza kupaza sauti. Mwache. Endelea na namba 1500, 2000, halafu 3000, kisha malizia na dawa ya kung'arishia rangi ya gari. AAA ilikuta kwamba kazi hii ikifanywa vizuri, mwanga hurudi kufikia asilimia 70 hivi ya ule wa taa mpya.

Wanaotumia dawa ya meno hawajakosea sana. Ina chembe za kusugua, na taa itang'aa. Kosa ni kuishia hapo. Plastiki iliyobaki uchi, bila ngozi mpya, hurudia umanjano katika miezi michache chini ya jua hili letu. Baada ya msasa ni lazima upake vanishi safi ya kuzuia mionzi ya jua, ile ya kupulizia. Bila hiyo umefanya kazi ya siku moja utakayoirudia kabla ya mwaka kwisha.

Land Cruiser za zamani na malori mengi yana vioo vya kweli, na hivyo havipauki. Huko angalia riflekta, kile kikombe king'aacho ndani ya taa kinachoudaka mwanga wa balbu na kuurusha mbele. Maji yakiingia, kikombe hupoteza mng'ao au kushika kutu. Hakisafishiki. Ukikifuta kwa kitambaa utatoa hata kile king'aacho kilichobaki. Nunua taa nzima.

Ukuta wa duka

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haigharimu chochote na karibu kila mtu huipuuza.

Chukua Noah moja ya abiria jioni, imeelekezwa kwenye ukuta mweupe wa duka. Dereva ni mtu mzima, fundi ni kijana.

"Taa hizi ziko sawa, nimebadilisha balbu juzi tu," anasema dereva.

"Sawa mzee. Weka dimu tuone."

Doa la kushoto linapiga chini, karibu na msingi wa ukuta. La kulia liko juu, linagusa bati. Gari liliwahi kugongwa, bodi ikanyooshwa, taa ikarudishwa na boliti mbili badala ya tatu. Tangu siku hiyo jicho moja linamulika magurudumu yake yenyewe na jingine linawamulika ndege.

Fundi anasogeza gari karibu na ukuta, anaweka alama ya chaki mkabala na katikati ya kila taa. Kisha gari linarudi nyuma mita 10 kwenye sehemu tambarare. Dimu yoyote nzuri ina mstari unaotenganisha mwanga wa chini na giza la juu. Mstari huo unapaswa kuangukia sentimita 10 hivi chini ya alama ya chaki. Sababu ni rahisi: taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, ikishuka sentimita 10 katika kila mita 10, mwanga wake utaigusa barabara mita 70 mbele. Ukiishusha sentimita 20, utaigusa mita 35 tu. Umepoteza nusu ya umbali kwa mzunguko mdogo wa skurubu. Skurubu zenyewe ziko nyuma ya taa, mara nyingi nyeupe au nyeusi za plastiki, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Zigeuze taratibu, maana plastiki ya zamani hukatika.

Dereva anaridhika, anataka kuondoka. Fundi anamzuia.

"Mzee, hapa gari ni tupu. Abiria wako wako wapi?"

Vijana wanne wanaitwa kutoka kibarazani, wanakaa kiti cha nyuma. Magunia mawili ya mihogo mikavu yanaingizwa buti. Nyuma ya gari inazama, pua inanyanyuka, na mstari ukutani unapanda huku watu wote wakiutazama. Pua ikinyanyuka digrii moja tu, mstari unapanda sentimita 17 katika mita 10. Ule uliokuwa 10 chini ya chaki sasa uko 7 juu yake, na mwanga huo hautaigusa barabara kabisa. Utakwenda moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Yeye atawasha fulu kukulipiza, nawe utamtukana.

Kwa hiyo gari la abiria au la mizigo lipimwe likiwa na mzigo wake wa kawaida. Magari mengi pia yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0 hadi 4 au 5 na alama ya taa. Nimekutana na madereva wenye uzoefu mrefu ambao hawajawahi kukigusa. Namba 0 ni ya dereva peke yake. Kadiri mzigo wa nyuma unavyoongezeka, ndivyo unavyopanda namba na mwanga unashuka. Kikiwa hakifanyi kazi, injini yake ndogo iliyo nyuma ya taa imekufa au waya umechomolewa na fundi aliyetangulia. Kama springi za nyuma zimelala kwa uzee, hakuna kigurudumu kitakachokuokoa. Badilisha springi.

Umeme unaopotea njiani

Balbu ya kawaida, halojeni, ni uzi wa chuma unaowaka ndani ya kioo kidogo chenye gesi. Ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: umeme ukipungua kidogo, mwanga unapungua sana. Upungufu wa asilimia 10 ya volti unaondoa karibu asilimia 30 ya mwanga.

Sasa fuata safari ya umeme huo. Unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unaingia ndani hadi swichi ya usukani, unarudi mbele kwa waya mwembamba uliofungwa na viwanda vilivyobana matumizi, unafika kwenye soketi yenye kutu, unapita balbu, kisha unatafuta njia ya kurudi kupitia bodi ya gari kwa boliti iliyopakwa rangi. Ni maji yanayopita kwenye mpira mrefu wenye mikunjo, yakifika bombani ni matone.

Pima hivi. Injini ikiwa imewashwa na taa zinawaka, weka mita ya umeme kwenye vichwa vya betri. Altaneta nzima itakuonyesha volti 13.8 hadi 14.4. Halafu ingiza ncha za mita nyuma ya soketi ya balbu, bila kuichomoa. Ukisoma 13.5, nenda nyumbani ukalale. Ukisoma 12 wakati betri ina 13.8, umepoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga, na hakuna balbu ya dukani itakayoufidia.

Kwanza safisha njia ya kurudi: fungua boliti ya waya wa bodi, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga tena kwa nguvu, paka grisi. Mara nyingi hilo peke yake linarudisha nusu ya kilichopotea. Ikibaki pungufu, funga rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili iruhusu umeme mkubwa upite. Waya wa zamani wa taa unabaki na kazi nyepesi ya kuiamrisha rilei, na waya mpya mnene, usiopungua milimita za mraba 2.5, unachukua umeme moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye balbu. Balbu mbili za wati 55 zinakula ampea 9 hivi, basi weka fyuzi ya 15 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwekwa mbali, ule urefu wa waya ulio kabla yake hauna ulinzi, na waya huo ukichubuka kwenye bodi utaunguza gari.

Hii ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa waya anayejua kazi yake. Mpe mita mwenyewe, mwambie akuonyeshe namba kabla na baada. Anayekataa kupima anakisia.

Kwa ufupi, mpaka hapa

- Kioo kiwe safi na kipakwe vanishi ya kuzuia jua.
- Mstari wa dimu uanguke sentimita 10 chini ya kimo cha taa katika mita 10, gari likiwa na mzigo.
- Volti kwenye soketi zisipungue zaidi ya nusu volti kuliko za betri.

Sasa tuzungumze balbu

Tuanze na H4, kwa sababu ndiyo iliyojaa katika Hiace na pickup za huku. Ina nyuzi mbili ndani yake: mmoja wa dimu, mwingine wa fulu. Kwa kipimo, hutoa lumeni 1,000 hivi kwa dimu na 1,650 kwa fulu. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye balbu, popote uendako. Shika maneno hayo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayowapoteza wanunuzi.

Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya riflekta, ili usirushwe juu. Mstari ule uliouona ukutani unatokana na kikombe hicho na mahali uzi ulipo. Uzi ukisogea milimita moja, mstari unavurugika.

Hapo ndipo LED za kupachika zinaposhindwa. LED ni chembe bapa zinazotoa mwanga pande mbili, si uzi mwembamba unaowaka kuzunguka. Ukizipachika ndani ya riflekta iliyochongwa kwa ajili ya uzi, mwanga unakwenda pasipotarajiwa: mwingi karibu na gari, mwingi juu, na mchache pale mbali ulipouhitaji. Dereva anaona barabara nyeupe mita 15 mbele yake anafurahi. Lakini jicho likizoea weupe huo wa karibu, linashindwa kuona yaliyo gizani mita 60 mbele. Ameongeza mwanga na amepunguza kuona. Nimewaambia wengi hivi na wengi hawaniamini mpaka nimsimamishe mtu mwenye shati jeusi barabarani nao wahesabu hatua.

Maboksi nayo yanadanganya. Utakuta yameandikwa lumeni 20,000. LED ya wati 30 iliyo nzuri hutoa lumeni 3,000 hivi. Aliyeandika 20,000 anajua hutapima. Tena nyuma ya balbu hizo kuna feni ndogo ya kupoza, na feni hiyo ikikutana na vumbi la maramu la Januari, haimalizi msimu. Nchini Uingereza gari lililotengenezwa kwa halojeni likifungwa LED au zenoni za kupachika linaanguka ukaguzi wa mwaka. Zenoni ni balbu ya gesi inayowashwa kwa kisanduku cha kupandisha umeme. Ina mwanga mwingi kweli, lakini ndani ya riflekta ya halojeni kosa lake ni lile lile, na limezidi. Gari lililotoka kiwandani na LED au zenoni ni habari nyingine: taa yake yote ilichongwa kwa ajili hiyo.

Balbu za bluu siziwezi kabisa. Rangi hiyo ni chujio, inazuia sehemu ya mwanga usitoke. Unalipa zaidi upate kidogo. Na mwanga wa bluu-bluu kwenye vumbi au mvua unakurudia usoni.

Zile za wati 100 kwa 90, zinazouzwa kwa sifa ya nguvu, zinatoa mwanga kweli. Pia zinatoa joto. Soketi ya plastiki iliyoundwa kwa wati 60 huyeyuka, swichi ya usukani huungua, na riflekta hubabuka. Nimeona soketi iliyogandamana na balbu mpaka ikabidi ikatwe kwa koleo.

Inunuliwe nini basi? Halojeni ya kawaida ya wati 60/55 ya kampuni inayojulikana, Philips au Osram kwa mfano, na ubadilishe zote mbili kwa wakati mmoja. Zipo za daraja la juu zenye uzi mfupi zaidi, zinatupa mwanga mbali kidogo, ila maisha yake ni mafupi. Kwa dereva wa usiku nadhani zinastahili gharama. Jihadhari na za bandia. Katika soko la Kisekka kule Kampala utapata zote mbili kwenye meza moja, na boksi zinafanana. Iangalie balbu yenyewe: uzi ulionyooka, kikombe kilichokaa katikati, maandishi yasiyofutika kwa kidole. Usiishike kioo chake kwa mkono mtupu, mafuta ya ngozi hukifanya kipasuke kikipata moto.

Taa za ziada

Anayesafiri kweli usiku, kwa mfano ile safari ndefu ya kupitia Nebbi na Pakwach kwenda Karuma, ambako tembo huvuka barabara kandokando ya hifadhi ya Murchison, ana haki ya kutaka zaidi. Kwake ninapendekeza taa mbili za ziada za masafa, zimefungwa kwenye bampa, zikiunganishwa kwa rilei na swichi ya fulu ili ukishusha dimu nazo zizime zenyewe. Zisiwekwe kwenye swichi ya peke yake, utasahau. Zile fimbo ndefu za LED juu ya paa zinapendeza kwenye picha, lakini zinamulika boneti yako na vumbi lililo mbele ya macho yako.

Na kabla ya hizo, osha kioo cha mbele upande wa ndani. Ukungu wa mafuta unaojijenga pale ndio unaogeuza kila taa inayokuja kuwa mwali.

Ukivuka Oraba au Vurra

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa mpakani kuliko watu wa Kampala. Uganda tunaendesha kushoto. Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Na dimu haina mstari ulionyooka pande zote mbili: upande mmoja unapanda, ili kuwamulika wanaotembea pembezoni, na upande wa pili uko chini, ili anayekuja asiumizwe macho. Taa ya Japani, kama ya Uganda, inapanda kushoto. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Kongo au Ulaya bara linapanda kulia.

Kwa hiyo gari la kutoka Ariwara, Kongo, likiingia Arua usiku, ule mpando wake unaingia machoni mwako hata kama dereva amepunguza taa kwa adabu zote. Kumwashia fulu hakusaidii, hana la kupunguza. Vivyo hivyo Noah yako ikivuka Oraba kuelekea Yei, Sudan Kusini: inawapofusha wanaokuja, na upande wako wa kulia, wanakotembea watu, uko gizani.

Ukinunua taa iliyotumika, iwashe mbele ya ukuta kabla ya kulipa. Kwa Uganda, mstari uwe tambarare kulia na upande kushoto. Taa zenye alama ya Ulaya, ile herufi E ndani ya duara, zina ishara pia: ukisimama mbele ya taa ukiitazama, mshale unaoelekea kulia maana yake ni taa ya nchi za kushoto, mshale wenye ncha mbili ni ya kote, na isiyo na mshale ni ya nchi za kulia. Muuzaji atakwambia zote ni sawa. Si sawa, na tofauti hiyo haitengenezwi kwa skurubu.

Anayevuka kwa siku chache anaweza kutumia utepe mweusi. Simamisha gari mbele ya ukuta, washa dimu, sogeza kipande cha utepe juu ya kioo cha taa hadi ule mpando wa kushoto upotee, kisha kibandike hapo. Kwa taa zenye jicho la duara kama lenzi ya kamera, utepe haufanyi kazi. Baadhi zina kijiti kidogo ndani cha kugeuza upande, na zisizo nacho, shusha taa kidogo kwa kile kigurudumu cha namba na upunguze mwendo. Ukirudi upande wa Uganda, bandua utepe siku hiyo hiyo. Taa ya halojeni hupata joto, na gundi ikishaiva kwenye plastiki haitoki ila kwa msasa.